Elieza Ndahani: Kofia Haikufunguka

Mwaka mmoja umetimia sasa, Elieza, tangu Jumatano ile ulipotoka Ipagala alfajiri kwenda Bahi kwa kazi, ukarudishwa jioni ukiwa umefunikwa shuka.

Tunaikumbuka mikono yako. Ulikuwa fundi wa magari ya zamani, yale yanayochekwa barabarani na kupendwa na wenyewe kama watoto wa mwisho. Injini uliwaachia wengine. Wewe ulishughulika na mapambo na vikinga. Mwalimu mmoja wa Area D ulimtengenezea chombo cha bati mfano wa bomba, kinachoning'inizwa dirishani na kutiwa maji, ili upepo upoe kabla ya kuingia garini. Wengine uliwakatia penu nyembamba za plastiki ya kijani juu ya madirisha ya milango, abiria apate hewa bila kunyeshewa. Lakini kazi iliyokupa jina ni ule ukingo wa bati unaokaa nje, juu ya kioo cha mbele, kumkinga dereva na jua la uwanda huu. Mafundi na wateja waliuita kofia, na hata nyumbani tukauita hivyo.

Uliyaheshimu magari hayo. Gari lililokuzidi umri ulilishika kwanza boneti, ukaliambia, "Shikamoo, mzee," nasi tukacheka. Hukukubali kulitoboa. Kofia zako zilishikwa na vibano kwenye mfereji wa mvua juu ya milango, na chini ya kila kibano uliweka mpira ili rangi isichubuke. Ukimaliza, ulipanda bodaboda ukaenda sambamba na gari hilo katika barabara kuu, ukiitazama kofia kama inatetemeka kwa upepo.

Ndivyo ulivyofanya siku ile. Ulikuwa umemfungia kofia Bwana Kishan, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Bahi, kwenye Pijo aliyoachiwa na baba yake. Yeye akaendesha kuja mjini, nawe ukamfuata juu ya pikipiki ya Matonya, kijana wa bodaboda wa pale Bahi. Saa nne mama yako alikupigia simu. Hakuwa na jambo zito: alitaka umnunulie kambale kabla hujaondoka Bahi. Upepo ulivuma simuni hata hakueleweka. Ukasema, "Ngoja mama, nifungue kofia nikusikie." Simu ikakatika, naye akadhani ni mtandao.

Katika maisha yako mama yako alijua kofia za aina moja. Msibani, alipoulizwa neno lako la mwisho, alisema bila kusita kwamba ulikuwa unaifungua kofia ya Pijo. Watu wakaunga wenyewe yaliyobaki: fundi aliilegeza njiani, akasahau kuikaza, ikachomoka kwa upepo na kuwapiga waliokuwa kando. Matonya alikuwa amelazwa, hajitambui. Bwana Kishan alikuja, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wa wafiwa.

"Mama Elieza," alisema kwa upole, "kofia ipo mahali pake. Gari liko hapo nje. Njoo uishike kwa mkono wako."

Mama yako hakuinuka. Alimjibu kwamba mwanawe hakuwa mwongo, na kwamba bati lililong'oka hurudishwa. Bwana Kishan aliaga bila kunywa chai.

Neno lile lilitembea upesi kuliko gari. Wateja wako walirudi mmoja mmoja. Kuna aliyemwambia Masudi, mwenzako wa karakana, mkeo Erica akiwa amesimama pale pale, "Nivulie hii kofia, fundi. Mimi bado naupenda uhai. Marehemu alijishonea sanda mwenyewe." Masudi alizivua, akaziegemeza ukutani, mpaka mwenye kiwanja alipozitoa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kabla ya mvua kuanza karakana ilifungwa. Masudi sasa anachomelea mageti kwa mtu. Binti yako Emiliana aliambiwa shuleni kwamba baba yake alikuwa fundi mbovu. Hakuja kutuuliza kama ni kweli. Aliamini, kama sisi tulivyoamini.

Mwezi uliopita Erica alitoa bahasha ya polisi yenye taarifa ya ajali, kwa ajili ya shauri la mirathi. Tangu mazishi hakuna aliyeifungua, kwa kuwa mama mzazi alikwisha kusema, na nani angetaka kusikia zaidi. Mama yako, aliyefika hatua ya pili katika kisomo cha watu wazima, aliomba aisome yeye. Alipitisha kidole neno kwa neno. Iliandikwa kwamba dereva wa pikipiki alikwepa ng'ombe. Kwamba abiria alianguka na kuumia kichwani. Kwamba kofia ngumu ya abiria ilikuwa imefunguliwa mkanda. Alirudia "kofia ngumu" mara nyingi, hata Erica akadhani maneno yamemshinda.

Kesho yake alikwenda Bahi. Matonya, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alimwamkia, akampa kiti, akamweleza aliyoyaona: ulishika simu kwa mkono mmoja, ukafungua mkanda wa kidevuni kwa mkono wa pili.

"Nilimwambia asubiri nisimame," alisema Matonya. "Akanijibu, 'Ni mama huyo, hapendi kungojeshwa.' Ng'ombe wakatokea hapo hapo."

Kutoka kwa Matonya alikwenda mashineni kwa Bwana Kishan kuomba radhi. Bwana Kishan alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama chini. "Nilikuambia, mama," alisema, akairudia mashine yake. Mama yako alisimama kidogo kwenye vumbi la pumba, kisha akaondoka.

Elieza, karakana haipo, na kofia zako zimeyeyushwa. Hatuna cha kukurudishia ila jina lako. Kwa hiyo tumeomba nafasi katika gazeti hili, ili waliosikia lile wasikie na hili: kofia uliyoifunga kwenye Pijo haikufunguka. Ulianguka ukiwa umefungua mkanda wa kofia ya pikipiki ili umsikie mama yako. Neno lililokuchafua lilitoka kinywani mwake, mbele ya watu, na leo analifuta mbele ya watu kwa tangazo hili, aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe kwa niaba yetu sote.

Unakumbukwa na mama yako Raheli, mkeo Erica, binti yako Emiliana, kaka yako Abeli, fundi mwenzako Masudi, na ukoo wote wa Ndahani. Siku zote za uhai wetu tutakukumbuka, na kila tutakapokutaja tutasema kweli.