Mdomo wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Julai 1995
Tumerudi nyumbani Bariadi kutoka hospitali, nimejifungua. Mtoto mzima, sauti ya kuitia ng'ombe. Ila akilia tu, mdomo unaenda kushoto, na jicho la kulia halifumbi. Mungu wangu! Daktari alimgeuzageuza, akamwambia nesi, "Transient," akahamia kitanda cha pili. Na mimi zoba kweli. Sikuuliza!

Jumanne, 4 Julai
Mama mkwe kafika kutoka Zagayu. Kasubiri mtoto alie. Alipolia — vigelegele! Ati ni Masalu, marehemu mumewe, karudi. Alizaliwa na mdomo hivyohivyo, akazikwa nao. Akazikwa nao! Ugali umenishinda. Anataka mtoto apewe jina hilo, eti marehemu mwenyewe ameshajionyesha. Nimekataa. Jina halina ubaya, lakini nikilikubali nitakuwa nimeukubali na mdomo. Mboje, mume gani huyu, kakimbilia kwenye mizani yake ya pamba.

Alhamisi, 6 Julai
Nimekwenda kwa jirani Lukresia, anafundisha Kiingereza sekondari. Kumbe transient ni kitu cha kupita! Nikauliza, kama temporary? Hilo nalijua, Mboje kaajiriwa hivyo. Akasema hapana, temporary watu wameipangia muda. Transient inajiendea yenyewe. Njaa je? Akacheka, eti njaa ngoja uone kama itajiendea. Kichefuchefu cha mimba, sawa. Mgeni wa gesti, sawa. Hawa wanunuzi binafsi wa pamba na malori yao? Hao tuombe Mungu wasiwe wa kupita.
Nikauliza, na huchukua siku ngapi? Akasema, neno halisemi siku, mama.
Nimelia njia nzima. Kwa furaha! Watu wameniona mwehu, shauri yao.

Jumapili, 16 Julai
Jicho linafumba! Mdomo bado. Namwimbia transient, transient, nikimnyonyesha. Mama mkwe kauliza hilo ni jina la mzungu gani.

Jumamosi, 29 Julai
Umenyooka! Asubuhi kalia, mdomo umekaa katikati. Sikuamini. Nikamfinya kidogo alie tena — Mungu anisamehe — katikati! Nimepiga magoti palepale jikoni, nimecheka mpaka tumbo limeuma. Ahsante Baba. Mzigo wote umenitoka.
Nikamwita mama mkwe: Mayu, njoo uone, kapona! Akaja mbio, akampokea. Mtoto akalia. Akamtazama mdomo, akamtazama. Hakuna kigelegele. Akasema kwa Kisukuma, polepole, kwamba ameondoka tena.
Nilikosa pa kuiweka furaha yangu. Siku zote hizi mimi naomba upite, kumbe mwenzangu anakaa na mumewe.
Sasa yuko uani kwenye kigoda, mtoto mapajani, anampapasa shavu. Namwona kutoka hapa ninapoandika. Chai yake imepoa. Nimeona aibu kuimba.
Mboje kaingia na katekista. Ubatizo ni kesho, anataka jina la mtoto, la kanisani na la nyumbani. La kanisani Marcelo, tulishakubaliana. La nyumbani Mboje hathubutu, ananitazama mimi.
Nimesema Masalu. Katekista kaandika. Mama mkwe hajageuka — nadhani hajasikia. Natoka uani nikamwambie mwenyewe. Au nimwite mtoto tu kwa jina hilo, palepale mapajani kwake, nione kama atageuka.