Upande wa Chini wa Barabara

4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila goti langu la kushoto limejifanya mtaalamu wa hali ya hewa. Limetabiri mvua wiki nzima na hakuna hata tone. Wewe je? Unakula, au bado unakunywa chai na kusema umeshiba?

Wale vijana wa ofisi yenu ya utafiti wamekuja tena na maswali yao. Huu mwaka wa tatu. Nimevuna vitunguu kiasi gani, nimemuuzia nani mjini, namwagilia kwa njia gani. Kwa ndoo, nikawaambia, kama mwaka jana. Wenzetu wa upande wa juu wa barabara walipewa pampu tangu mwaka wa kwanza. Nikauliza zetu lini. Kijana akacheka kwa adabu, akasema, "Vuta subira, mama."

Sasa jirani yetu Kelele amewakusanya watu wa upande huu wachimbe bwawa la pamoja. Sharti ni moja: asiyechimba hana zamu ya maji. Nimemwambia mtoto wangu ni karani wa ofisi hiyohiyo, kwa nini nivunje mgongo kwa ajili ya tope? Kanicheka. Hebu waulize wakubwa zako pampu zinafika lini, nimzibe mdomo.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hamjambo, na pole kwa goti. Mimi mzima na ninakula.

Kuhusu pampu, sijapata nafasi ya kumuuliza mkurugenzi. Kama unavyojua, kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta majibu yanayotoka mashambani. Mambo ya kugawa vifaa yako juu yangu. Ila nimekuwa nikiwaza habari ya bwawa. Kazi ya pamoja ina faida zake. Mtu akichimba kidogo kidogo kabla jua halijawa kali, hata goti huenda likanyooka. Na pampu nazo zinakula mafuta, na mafuta yamepanda bei. Sisemi usisubiri. Nasema tu kwamba ningekuwa wewe, pengine ningeangalia pande zote.

Tafadhali usimsomee mtu barua hii.

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumai hujambo, maana barua yako ilisikika kama ya mgonjwa.

Umesema nisimsomee mtu. Nimsomee nini? Humo hamna kitu. Nimekusomesha mpaka chuo, leo nauliza swali la mtu mzima najibiwa habari za kunyoosha goti. Ukitaka kusema, sema. Ukitaka kunyamaza, basi nyamaza vizuri.

Bwawa limefika kina cha kiuno. Kila asubuhi Kelele anapita shambani kwangu na sululu begani: "Mama Pampu, mzigo umefika wapi leo?" Namjibu uko njiani, umechelewa kwa sababu umevaa viatu vya kisigino. Wanacheka wote, nami nacheka. Lakini kicheko changu kinaanza kuisha. Kisima kinatoa maji ya rangi ya chai, na vitunguu ndiyo kwanza vinaanza kujaza. Mwisho wa mwezi wanafunga mlango. Ambaye hatakuwa ameshika jembe mpaka hapo hapokelewi tena.

Niambie jambo moja tu. Nisubiri, au nisisubiri?

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya. Nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena, na najua mwezi umekwisha.

Pampu haziji. Hazikuwahi kupangwa kuja kwenu. Utafiti ulipoanza, wachumi wa ofisi yetu walipiga kura ya bahati nasibu: upande wa juu wa barabara upewe pampu, upande wa chini usipewe kitu, uulizwe tu maswali yaleyale. Mwishoni watalinganisha mavuno, wajue kama nafuu imeletwa na pampu au na mvua na bei za mjini. Mkurugenzi si mtu mbaya. Anasema bila kulinganisha hivyo, watu wataendelea kununua mashine kwa kubahatisha, na wakulima ndio watakaolipia. Nimeitafuta kasoro ya hoja yake, sijaiona. Ila ninyi hamkuambiwa, kwa sababu mkijua mtabadili mnavyolima na ulinganisho utaharibika. Nilitia saini kwamba sitasema. Ikijulikana, sina kazi.

Nenda bwawani, Shangazi. Nenda leo. Labda Kelele atakusikiliza.

Mwanao


27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwili hauna neno.

Nilikwenda siku ileile barua ilipofika, jembe mkononi. Kelele hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema sheria ilipitishwa na wote, hawezi kuivunja kwa ajili ya mtu mmoja aliyealikwa kila siku akakataa. Wanawake wenzangu wakamsihi, nikapewa zamu ya mwisho, baada ya watu wote kumaliza. Yaani lile tope nililolikataa, sasa nalipangia foleni. Nusu ya vitunguu imekauka. Mchuuzi wa mjini ameitazama hiyo nusu nyingine akaondoka bila kuuliza bei.

Sikukasirikii kwa kuogopa. Nani haogopi kupoteza mkate wake? Nimekasirika kwa sababu ulijua, na bado ukaniandikia kama mwenye duka anayemzungusha mteja. Maneno uliyoyaandika Aprili ungeyaandika Februari, leo ningekuwa na shamba.

Watu wananiuliza nimejuaje kwamba pampu haziji. Sijamjibu mtu, hata Kelele. Vijana wa maswali wanakuja wiki ijayo.

Shangazi yako


18 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama, na kwamba kisima hakijakauka kabisa.

Nimemwandikia Kelele, kwa saini yangu, kwamba hukukataa kuchimba kwa kiburi. Ulisubiri kwa sababu ulikuwa na mtu ndani ya ofisi, na mtu huyo alikaa kimya. Nimemwomba akusogeze kutoka zamu ya mwisho. Sijui kama sheria yao ina mlango wa namna hiyo.

Majibu ya upande wa chini yamefika mezani kwangu. Swali la mwisho linauliza ni jambo gani limebadilisha kilimo chako msimu huu. Wenzako wametaja ukame, au bwawa. Kwako kijana ameandika, "Nilisubiri pampu ya ofisi yenu. Nikaambiwa haiji." Akauliza umeambiwa na nani. Hapo ameandika, "Amekataa kusema."

Asubuhi mkurugenzi, aliyekuwa ameiona karatasi yako, alituita wote. Hakupaza sauti. Alisema kazi ya miaka mitatu imeingia nyufa, na kwamba anamshuku yule kijana aliyekwambia uvute subira, kwa kuwa ndiye anayefika kwako. Kijana alikuwa amesimama karibu nami. Alijitetea vibaya, kama watu wasio na kosa.

Baada ya mkutano nilirudi mezani. Nimefuta "Amekataa kusema". Mahali pake nimeandika: "Na karani anayeingiza majibu haya, mtoto wa kaka yake." Kisha nimemtumia mkurugenzi majibu yote kwenye kompyuta yake. Mkurugenzi yuko chumba cha pili, na mlango wake uko wazi. Namsikia akibofya, akifungua ukurasa mmoja mmoja. Bado hajafika kwenye ukurasa wako.

Mwanao