Ingobyi ya Mjukuu Wako

Mama,

Masista walitufundisha shuleni kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Hali yako ninaijua. Mimi na mama mdogo ndio tuliokuosha na kukuvika kitenge chako cha bluu. Basi nitaanza na hali yangu, nayo si nzuri.

Nimezaa. Ni msichana. Amechukua paji lako la uso, lile pana ulilokuwa ukilitania kuwa ndege ya Kinshasa inaweza kutua juu yake. Ile kofia ya sufu uliyomfumia kabla ugonjwa haujakulaza kitandani inamtosha. Ananyonya vizuri na kulia vizuri. Watu wakija kumwona wananiambia Mungu huchukua na Mungu hutoa, nami naitikia kwa sababu ni adabu kuitikia. Lakini mama mkwe hakanyagi tena hapa kwangu Majengo, mume wangu anakula akiangalia sahani, na mtoto wa watu niliyetaka kumponya amekufa. Mama, ile kazi yetu imekwisha. Nimeona afadhali uisikie kwangu.

Nakumbuka siku Docteur alipokuja maternité, ulikokuwa ukizalisha akina mama, kukuomba, mimi nikiwa bado mgeni katika chumba cha walioungua. Alikuwa amesoma kwamba ile ngozi nyembamba inayomzunguka mtoto tumboni, ukiitenga na kondo la nyuma, ukaiosha kwa maji ya chumvi na dawa, ukaiweka kwenye baridi, inaweza kulazwa juu ya kidonda cha moto. Itashika pale, na nyama iliyo chini yake itapata utulivu wa kuotesha ngozi mpya. Akasema hiyo itakuwa recherche yetu, ya hapa Goma. Ukamwuliza, "Recherche ni kutafuta. Sasa weye Docteur, ulipoteza nini?" Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu ukasema, "Ah. Ingobyi."

Yeye hakulijua neno hilo, maana alitoka mbali. Ukamweleza kwamba kwetu ingobyi ni ngozi ya kubebea mtoto mgongoni, na ni machela ya kumteremshia mgonjwa kutoka mlimani, na ni ile inayomfuata mtoto akishazaliwa. Neno moja kwa vitu vitatu, na vyote vitatu vinabeba mtu. Docteur alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Nilijivunia kuwa mwanao siku hiyo, na sikukuambia.

Ulikuwa ukiitandaza ndani ya bakuli la émail, na vidole vyako vinene vya kulima viazi vikionekana upande wa pili. Mimi nikiivuta kwa haraka unanipiga kiwiko: "Polepole, haiko nguo ya soko." Docteur alifunika mkono mmoja wa mgonjwa kwa kitambaa cha gaze na mwingine kwa ingobyi, tuone upi utatangulia kupona. Lakini kitu cha kwanza tulichokiona hakikuwa kupona. Kilikuwa kimya. Mtoto aliyelia tangu alipoungua, ukishamfunika, upepo haumgusi tena kidonda, basi anashusha pumzi na kulala. Nawe kila chumba kilipokuwa kimya ghafla ulichungulia mlangoni na kusema, "Amekubali."

Kuwaomba wenye ingobyi ilikuwa kazi yako. Hukumwomba mzazi, ulimwomba bibi wa mtoto, kwa kuwa yeye ndiye anayekuja na majani ya mgomba kuifunga, akaizike nyumbani ili mtoto awe na kwao. Ulianza na mzaha: "Bibi, utachimba wapi, mu haya mawe ya volkano? Utavunja jembe." Wengi walicheka, maana mtaa wa Murara mzima ni mawe. Kisha ulipiga magoti. Docteur alikuuliza kwa nini unajitesa, si uwaeleze tu kwamba ni science. Ukamjibu, "Science haiyazaa hata mutoto moja, Docteur."

Sasa Docteur ameitwa Kinshasa, na hata ulipokuwa mgonjwa hatukupata neno lake. Mafuta ya kuwashia friji hayaletwi tena. Nilipoifungua mara ya mwisho nilikuta viatu vya mlinzi, vimepangwa vizuri, usidhani. Na baada ya matanga yako ikazuka habari kwamba tunazivusha mpaka hadi Gisenyi zikatengenezwe sabuni ya kung'arisha wazungu. Ulipokuwa hai walinong'ona, lakini nani angekusema usoni, weye uliyemzalisha yeye na dada zake? Mimi wananisema. Mabibi wakiniona naingia maternité wanakumbatia vikapu vyao.

Hapo ndipo alipoletwa Sifa. Kasichana ka Murara, meno ya mbele bado hayajang'oka. Mama yake aliinua sufuria ya maharage kwenye mbabula ya makaa, kitambaa kikateleza, na yote yakamwagikia kifua na tumbo la mtoto. Hatukuwa na kitu ila gaze na vaseline. Gaze inakauka na kushikana na kidonda, na kila asubuhi ni mimi niliyeibandua. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akawa anafungua mdomo tu. Nilikuwa na tumbo kubwa, na mjukuu wako ndani alikuwa akirukaruka kila Sifa alipolia. Siku moja Sifa alinishika aproni akasema, "Mama Muganga, leo uniache." Nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko la hospitali.

Nikaamua. Damu yangu ilikuwa imepimwa, mkojo umepimwa, sina ugonjwa. Ikiwa mabibi wa watu wamekataa, mtoto wangu atatoa.

Nilipojifungua, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la maternité na majani yake ya mgomba, tayari kupanda gari la Masisi akaizike kwao. Sikutaka kumdanganya. Nilimwita kitandani nikamwambia ingobyi nimemwazima mtoto mgonjwa. Akauliza, "Kuazima? Kitu kama ile banaazimaka?" Nikamweleza kama wewe ulivyonieleza: kidonda kikipona chini yake, inakauka na kudondoka yenyewe, nami nitamletea mkononi, hata kipande kimoja kisipotee. Alimtazama mjukuu wake. Kisha akasema, "Basi nitangoya." Na kweli alingoja, Mama. Nakuomba usimhukumu. Aliyaloanisha yale majani ili yasikauke, akawa anakuja kila asubuhi kuchungulia kifua cha Sifa, na hakuja mikono mitupu, alimletea uji wa mtama. Alimnywesha mwenyewe huku akimwambia apone upesi, maana safari ya Masisi inamngoja yeye.

Nilikuwa nimeiosha mwenyewe, nimekaa, maana nilishonwa na kusimama kuliniuma. Nilipoilaza kifuani mwa Sifa alishusha pumzi akalala. Chumba kikawa kimya. Nikageuka mlangoni kukutafuta. Ndiyo siku niliyojua kwamba umekufa.

Kando ya kidonda cha kifua ngozi ilianza kuja, ya rangi ya waridi, nyororo. Lakini ingobyi ni moja tu, ilitosha kifua, tumbo likabaki na gaze. Nilihitaji nyingine. Nilikwenda kwa bibi mmoja, halafu kwa mwingine. Nilitaka kupiga magoti nikashindwa kwa ajili ya nyuzi, nikaomba nimesimama, na mtu anayeomba akiwa amesimama anafanana na anayedai. Walikataa. Tumbo likaanza kutoa usaha, homa ikapanda, na pénicilline ya pharmacie ilikuwa imekwisha. Sifa alikufa Jumapili, watu wakitoka misa. Kifua chake kilikuwa kinapona.

Mama mkwe alifika na uji. Akaweka kikombe chini. Alimlilia Sifa, alimlilia kweli, na alipojifuta uso akaniita pembeni: "Sasa uitoshe." Hakusema kwa ubaya. Aliniambia niibandue, mtoto wa watu apumzike, na cha mtoto wetu kirudi kwao. Nilichukua pince, kile kikoleo cha vidonda. Nilijua pa kuanzia, kwenye ukingo wa kulia ilikuwa imeanza kuinuka. Mama Sifa alikuwa amempakata mtoto, hakuelewa tunachosema, akaona pince akafikiri bado kuna matibabu. Akamfunulia kifua ili nifanye kazi. Mama, alimfunulia!

Nikairudisha pince mfukoni. Nikamwambia mama mkwe siwezi. Akaniambia, "Basi mutoto wako atazikwa nusu." Akaondoka na majani yake. Sifa alizikwa na ingobyi kifuani, na hapo ndipo tulipo.

Mimi ni infirmière, muuguzi, nina diplôme ukutani. Ninajua kile ni kitu gani, nimekiona chini ya darubini ya Docteur, ni utando tu usio hata na mishipa ya damu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini mtoto akikohoa, moyo wangu unakwenda moja kwa moja makaburini. Akilala sana namwamsha. Jana alipiga chafya nikaanza kusali rozari kwa sababu ya chafya. Naogopa, Mama. Naogopa kitu nisichokiamini, na hiyo hofu haina dawa, kwa maana huwezi hata kumweleza mtu.

Nilimweleza mama mdogo. Nilimwambia, Mama angekuwepo angecheka, angesema, kuna nini cha kuogopa. Mama mdogo akanitazama kwa huruma. Akaniuliza kama sijui kwamba Amani, mdogo wangu wa mwisho, alizaliwa mwaka ule ule wa recherche ya Docteur. Kwamba siku ulipomzaa ulimwambia Docteur ingobyi yako imechanika, haifai. Kwamba uliifunga kwenye majani ukampa yeye mama mdogo aipeleke Masisi kuizika, ukamwapisha asiseme.

Mama. Uliwaomba wengine wakatoa, na wewe ya kwako ulificha.

Nilikukasirikia siku nyingi. Nilipita karibu na kaburi lako nikaangalia upande wa ziwa. Nilisema, tazama, mimi ndiye mjinga peke yangu niliyeamini mahubiri yake. Kisha juzi, nikifua nepi, yale magoti yako yakanijia. Siku zote nilifikiri ni ujanja wako, adabu ya kumlainisha bibi. Kumbe ulipiga magoti kwa sababu ulikuwa unawaomba kitu ambacho wewe mwenyewe ulishindwa kukitoa. Ulijua bei yake. Mimi sikuijua, ndiyo maana nilitoa kwa urahisi. Hasira imepungua. Sikuambii imekwisha.

Mama mkwe ametuma neno kwa mume wangu. Anataka tuchukue udongo wa kaburi la Sifa, hata konzi moja, aupeleke Masisi na kuuzika chini ya migomba mahali pa ingobyi. Nikaona ni njia. Nikaenda Murara kumwomba mama Sifa ruhusa, na safari hii nikapiga magoti. Nilimweleza yote, tangu mwanzo, hata ile pince. Alinisikiliza akichambua maharage. Bado anapika maharage, Mama, watu watakula nini kingine?

Akaniuliza, "Ile kitu ya mutoto wako, iko juu yake mpaka sasa?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, kana kwamba hakunisikia. Nikasema ndiyo. Akaacha kuchambua. Akasema, "Basi usiitoshe, Mama Muganga. Hata udongo usichukue. Nilikuwa nawaza mutoto wangu iko peke yake mule."

Mama mkwe anangoja jibu. Nikimtii nitamnyang'anya yule mama kitu kimoja alichobaki nacho. Nisipomtii, binti yangu atakua akisikia kwamba hana kwao. Nimewaza na kuwazua, na sioni mlango. Ungekuwepo ungeuona? Sidhani. Ungeniambia nile kwanza.

Bakuli lako la émail nimelirudisha maternité, wanawekea pamba. Sitamwomba tena bibi yeyote. Akija mtoto mwingine kama Sifa, na atakuja, nitakuwa na gaze.

Ninakuahidi kitu kimoja tu, kwa sababu ndicho nilicho na uwezo nacho. Mvua ikipita, mawe ya kaburi lile huteleza, ni kaburi dogo na wachimbaji hawakwenda chini sana. Nitakwenda kuyapanga. Nitakwenda na binti yangu, akiwa mzima mgongoni mwangu, na atakapoweza kutembea atabeba jiwe lake mwenyewe. Wapitao watauliza ni nani wetu aliyelala pale. Nitawaambia ni wangu.

Kaa salama huko uliko, Mama. Mimi hapa naogopa, lakini nanyonyesha.

Mwanao,
Riziki