Radhi Niliyokupa Kwenye Simu

Shika Adabu, Likoni

Mdogo wangu Omari,

Salamu zikufikie hapo Faza ukiwa mzima, na tumbo lako liwe limepungua, maana naambiwa ihramu ya kukuenea bado haijapatikana. Mimi sijambo. Tena nimekuwa mtu mkubwa: kumi la mwisho la Ramadhani nimekaa itikafu msikitini, moyo ukatulia hata imamu akaja kuniuliza siri yake.

Uongo. Imamu alikuja kuniamsha, nakoroma.

"Mzee Bakari," akaninong'oneza, "itikafu ni kukaa kimya na nafsi yako."

"Nimekaa nayo. Haina mazungumzo."

"Basi isikilize hivyo hivyo."

Nikaupapasa moyo kama nipapasavyo godoro la sufi mteja akiniletea nilishone upya, natafuta lilipofanya donge. Nikalipata. Lilikuwa wewe.

Siku aliyokufa mama nilikuwa nishafika Mokowe, nangoja boti. Nikakupigia: ningojeni mpaka alasiri. Ukasema, "Kaka, maiti hangojwi," mukamzika adhuhuri. Na alasiri hiyo hiyo ukafungua duka. Mimi nikafika na vumbi la njiani kuja kutazama mchanga.

Mwanzo wa Ramadhani ukanipigia huku unalia: "Kaka, naenda Hija, niwie radhi." Nikajibu nimekuwia, kwa kuwa mteja alikuwa amesimama mlangoni nami nataka ukate simu. Sasa nimejitazama vizuri. Sikukuwia. Radhi ile naiondoa. Na tangu nijikubalie hivyo, wallahi, nalala fofofo na chai naiona tamu. Huo ndio utulivu wangu. Wewe nenda kaizunguke Kaaba na donge langu mgongoni. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu ungelia tena, nawe kulia umejaliwa.

Msalimie mkeo, anayenipikia wali mkavu makusudi kila nikija, na shangazi yetu asiyesikia. Mpigie kelele jina langu ajue sijafa.

Kuna jambo dogo langu limebaki kwako. Siku ile ya mazishi uliniahidi utampandia mama mrehani kaburini kwa niaba yangu. Naambiwa hapo pana mchanga mtupu. Kaupande kabla hujasafiri, kwa mkono wako, si wa kijana wa dukani, na maji uteke wewe. Ukichipua, nipigie uniombe tena.

Kakako,
Bakari