Kila Asubuhi Walimu Wangu Waliandika "RAS"

Mama Mapalo mpendwa, naomba unisaidie, nakuandikia nikiwa nimeponea chupuchupu msiba ambao ungenimaliza, maana mimi ni directrice wa shule ya msingi hapa Hewa Bora, na kila asubuhi bendera ikishapandishwa walimu wangu wananitumia kwenye WhatsApp herufi tatu, RAS, yaani hakuna tatizo lolote, nami nakunywa chai ofisini nikijua shule iko salama, mpaka Jumanne mvua kubwa ilipopiga na boriti ya darasa la pili ikaanguka pamoja na mabati juu ya madawati, nikakimbia pekupeku nikiita majina ya watoto, na ndani hakukuwa na mtu hata mmoja!

Mwalimu wao, Benita, akatokea kwenye kanisa la jirani. "Madame, batoto beko bazima bote. Beko huku mu chapelle." Nikamkumbatia nikalia. Kumbe aliona boriti imepasuka tangu wiki iliyopita, akawahamisha, na kwangu akaendelea kuandika RAS. Nilipomuuliza kwa nini, akainamisha kichwa: "Mwalimu mwenye anasema problème, njo ye anapata demande d'explication," yaani ile barua yangu ya kumtaka mtu ajieleze.

Sasa msaidizi wangu, Monsieur Liévin, anataka nimfukuze. Kweli alinidanganya, Mama, lakini watoto wako hai kwa sababu yake. Nifanye nini?

Directrice, Hewa Bora

Directrice wangu, nimesoma barua yako nimeshika kifua, na nilipofika kwa Benita nikashusha pumzi. Mungu asifiwe! Sasa kaa nikugombeze. Mtu anakuletea habari ya boriti, wewe unampa karatasi ajieleze, kana kwamba yeye ndiye aliyeipasua? Nani atakuambia ukweli tena? Hiyo RAS umewafundisha mwenyewe, na wamefaulu.

Asubuhi acha chai ipoe. Pita darasa kwa darasa, tazama paa, tazama vyoo, ongea na watoto. Atakayekuambia kibaya, mshukuru mbele ya wenzake na umwite fundi siku hiyohiyo. Liévin apite nawe, maana naye hakuiona boriti. Wazazi waite uwaeleze wewe, kabla hawajasikia sokoni.

Benita humfukuzi. Mwambie mkiwa wawili kwamba siku nyingine akujulishe. Kisha ingia kanisani, mbele ya darasa lake, umwombe msamaha. Ukishikwa na aibu, watazame kwanza wale watoto. Wote wako pale.

Mama Mapalo