Mzee wa Ruaruke Kwenye Filamu ya Saa Tatu

Mjomba,

Nimeitafsiri. Ile filamu ndefu uliyoiacha juu ya deki nimeionyesha Ijumaa, mimi Mwanahawa wako, maiki mkononi, banda letu la video limejaa mpaka mlangoni. Mkazamjomba alishanionya: watu wakitoka katikati, banda anampangisha muuza saruji. Hawakutoka.

Nilifuata mtindo wako wa kuwapa wahusika majina ya vijiji vya huku kwetu, maana majina yao ya kizungu hakuna anayeyashika. Mwenye suti wa Ikwiriri, mke mnunaji wa Chumbi, kijana mkorofi wa Kiongoroni. Basi banda likagawanyika! Akina mama wa Chumbi walimtetea mwenzao hata alipokosea waziwazi. "Mwacheni, kachoshwa huyo!" Ungecheka mpaka ukohoe.

Sasa tubishane kidogo kama zamani. Ulisema filamu ina watu wengi kama mnadani. Kweli. Mwenye suti mpaka leo sijui kaja kufanya nini, na ile harusi ya mwisho imewakusanya wote kwa nguvu, kama vile mtunzi alikuwa anawahi gari. Lakini pale ndugu wanapomenya viazi jikoni bila kutazamana, kila mmoja akijua nani kauza nyumba ya mama yao, ulitaka kukikata kipande hicho. Ulikosea, mjomba. Pale hata watoto walisogea karibu na skrini.

Yule mzee mgonjwa wa dirishani hukumpa jina. "Huyu hana mchango, mruke tu," ulisema. Mimi nikampa kijiji chako: Mzee wa Ruaruke. Nilipotamka, watu waligeuka kunitazama. Ndipo nikaona kwamba yeye ndiye anayeishikilia filamu yote, kwani wale wengine wanagombana na kupatana kwa ajili yake.

Alipokufa, wewe ungeongea. Hukuwahi kuacha kimya kipite. Mimi nikaweka maiki chini, nikalia mbele za watu. Mkazamjomba akasema kutoka nyuma, "Innalillahi wainna ilaihi rajiun," na banda zima likamfuata. Mle walikuwemo watu wa delta waliochelewa boti siku ile ya mazishi yako, hawakukuzika.

Muuza saruji kaambiwa atafute kwingine.

Pumzika, mjomba wangu. Maiki ninayo mimi, siiachi. Na kila filamu itakayokuja, jina la Ruaruke nitampa yule ambaye wewe ungemruka.

Mwanahawa