Isale Lililovuka Mpaka

Taveta, 9 Februari 1934

Dada Theopista,

Shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yake, na umwombe asikasirike kabla hujamaliza kumsomea. Mimi ni mzima, ila uzima wa mahabusu: ninakula, ninalala, ninahesabiwa.

Najua mmeshasikia, lakini mmesikia vya sokoni. Lori la yule mzungu, Bwana Kofia, lilikuwa linapeleka ndizi zetu kwa wakata mkonge wa huku. Tulipovuka tu upande wa Kenya, askari wakatusimamisha, wakashusha mikungu. Chini ya mikungu magunia, ndani ya magunia meno ya tembo. Bwana Kofia alikuwa kwenye usukani mwenyewe. Akasema kwa upole, "Ngojeni nikachukue kibali," akashuka, akarudi kwa miguu hadi ng'ambo ya mgunga ule ulio mpakani. Tangu hapo anatafuta kibali. Mimi utingo nikabaki na mkungu begani, na kumbe kwa sheria anayebaki na mzigo ndiye mwenye mzigo.

Tena tulikuwa tunamwona! Amesimama pale anawasha kiko. Nikamwambia sajini, "Si yule pale?" Akanijibu, "Pale ni nchi nyingine." Dada, picha ya Mfalme iliyo ukutani hapa ndiyo ile ile ya bomani Moshi. Naona mkono wake unaishia kwenye mgunga.

Hakimu amesema mwenye meno akijulikana, mimi nitakuwa shahidi tu. Asipojulikana, mwenyewe ni mimi. Baba alikuwapo Himo, akamwona Bwana Kofia akipakia magunia kwa mikono yake. Aje aseme hivyo tu. Ndizi zetu askari wamezila, wamezisifu.

Mdogo wako,
Remigius


Kilema, 3 Machi 1934

Mdogo wangu Remigius,

Tunakujulia hali huko uliko. Huku mvua imechelewa, kahawa inatutazama nasi tunaitazama. Ng'ombe amezaa. Padri amekuombea Jumapili kwa jina, na watu wakageuka kuniangalia kana kwamba meno niliyaficha mimi.

Baba anakuja. Amevaa koti lake la ubatizo na anakuja na jani la isale. Nilimwambia, "Baba, isale hupeleka mkosaji. Remigius hajakosa." Akaniambia, "Wewe mtoto umesoma hadi umesahau. Isale ni mlango. Aliyeletewa isale hawezi kukataa kukaa chini. Hata wafiwa hukaa na aliyemuua ndugu yao. Tukishakaa, ndipo nitamweleza hakimu nani mwizi."

"Na hakimu analijua isale?"

"Si mtu mzima huyo?"

Nikaenda mwenyewe kwenye ua wa masale mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikachuma jani zuri lisilo na doa, nikalifunga fundo, nikampa. Mtazame usoni akifika, anaona haya kuingia mahali ambapo hajui pa kuketi.

Dada yako,
Theopista


Mombasa, 20 Aprili 1934

Dada,

Shikamoo. Unaona jina la mji hapo juu. Afya sina cha kulalamikia; joto la huku lingekausha kahawa kwa siku moja.

Baba hajakueleza, najua. Nitakueleza mimi.

Aliingia barazani akiwa amelishika jani kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa hakimu. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kitamu kama halua, lakini isale hajapata kuliona.

"Mzee, hiki nini?"

"Isale. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa kosa gani?"

"Tukae kwanza."

Hakimu akauliza kama kuna kosa au hakuna. Wewe unamjua Baba, hawezi kusema uongo hata kwa kuku. Akajibu, "Pasipo kosa isale haliondoki nyumbani." Mkalimani akatafsiri vizuri sana, neno kwa neno. Hakimu akaandika muda mrefu. Baba alipoanza kueleza ya Himo, akaambiwa kwamba mtu hawezi kukiri kosa la mwanawe na kulikana kwa pumzi moja.

Miaka mitatu.

Jani lenyewe walilifunga kamba, wakalibandika namba, wakaliweka pamoja na meno ya tembo. Kielelezo. Usimlaumu Baba. Wala usijilaumu kwa lile fundo. Lilikuwa fundo zuri.

Mdogo wako,
Remigius


Kilema, 16 Julai 1934

Mdogo wangu,

U hali gani? Kaza moyo, safari hii nina habari.

Nairobi wameandika Dar es Salaam kumtaka Bwana Kofia. Dar es Salaam wamejibu kwamba barua imekosewa. Nairobi wamerekebisha. Muda wote huo mwenyewe anakunywa bia Moshi, anawasalimu askari na askari wanampigia saluti. Lakini sasa Bwana Shauri, mkuu wa boma la Moshi, ameamua kesi isikilizwe huku huku, mwezi wa kumi. Karani wa boma ameniambia Bwana Kofia akitiwa hatiani, hukumu yako inafunguliwa upya. Na shahidi aliyeona ni mmoja, Baba.

Safari hii haendi na jani. Nimemwambia, na amekubali.

Dada yako,
Theopista


Mombasa, 11 Agosti 1934

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako hadi mlinzi akaniuliza kama ni sala. Mwambie Baba aseme alichoona, kisha anyamaze. Nikirudi nataka mtori, na msiniulize habari za Mombasa.

Mdogo wako,
Remigius


Kilema, 28 Oktoba 1934

Remigius mdogo wangu,

Nakusalimu, na sitakuuliza hali kwa sababu naijua nitakavyoiacha.

Siku mbili kabla ya kesi Bwana Kofia alikuja hapa. Gari aliliacha barabarani, akapanda kwa miguu, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza tumeona ana upara. Na mkononi alikuwa na isale, limefungwa fundo. Mpishi wake ni mtu wa Kibosho. Bila shaka alifundishwa jikoni. Akapiga goti mbele ya Baba, akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha ng'ombe, "Mzee, mimi kosa. Samehe."

Nikapiga kelele, "Baba, usilishike! Ukilishika umesamehe, huwezi kumshtaki tena!"

Baba alinitazama, Remigius. Akalitazama jani, akalishika. Akasema, "Sikulipanda mimi isale, siwezi kulikataa mimi."

Barazani aliitwa, akasimama. Bwana Shauri akamwuliza aliona nini Himo. Baba akasema, "Nimepokea isale," akaketi. Hakusema lingine hata walipomtishia.

Basi nikasimama mimi, bila kuitwa. Jani nilikuwa nalo kifuani, nikaliweka mezani. Nikasema, "Bwana Shauri, Taveta baba yangu alipeleka jani kama hili, serikali ikasema amekiri, ikamfunga ndugu yangu. Hili Bwana huyu amelileta kwetu kwa mkono wake. Naye amekiri."

Wakili wake akacheka kidogo, akasema Bwana alikuja kumjulia hali mzee, na kwao mtu haendi mkono mtupu, hupeleka maua. Bwana Shauri akaligeuza upande huu na upande huu. Akaniuliza, "Wewe mwanamke, umesoma wapi?" Nikamwambia, nje ya dirisha la darasa la wavulana. Akanirudishia.

"Hili ni jani," akasema.

Hakuandika kitu. Bwana Kofia aliachiwa kabla ya chai.

Niliporudi Baba alikuwa ametangulia, amekaa mlangoni na koti lake la ubatizo. Akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia, "Wamesema ni jani." Akainuka, akaenda kusimama kwenye ua wa masale, mikono nyuma, anautazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

Mtori nitaupika utakaporudi. Hapa hakuna atakayekuuliza habari za Mombasa.

Dada yako,
Theopista